Vioo vya Harpo: Jinsi Mtu Mmoja Alivyofanywa Watatu katika The Big Store

Miongoni mwa filamu za muziki na vichekesho zilizotengenezwa Hollywood ambazo kisa chake hupita ndani ya duka kubwa la ghorofa, The Big Store, iliyotolewa na MGM mwaka 1941 chini ya uongozi wa Charles Reisner, si ile isifiwayo zaidi, na wapenzi wa ndugu Marx aghalabu huipita upesi wakizielekea kazi zao za awali. Walakini mna ndani yake dakika chache ambamo Harpo Marx, akiwa amevaa mavazi ya kasri la kifalme la karne ya 18, huketi na kinubi chake mbele ya vioo, na dakika hizo, kwa rai yangu, zastahili kutazamwa kwa nadhari na kila apendaye kujua jinsi senema inavyoweza kuyahadaa macho bila ya kumdhulumu mchezaji.

Kisa chenyewe hakihitaji maneno mengi. Duka la ukoo wa Phelps limeachwa urithi, nusu kwa kijana mwimbaji na nusu kwa shangazi yake, bibi tajiri anayechezwa na Margaret Dumont. Meneja ana nia mbaya, na Groucho, nduguye Harpo, akijiita mpelelezi Wolf J. Flywheel, aajiriwa kumlinda kijana huyo huku akijifanya msimamizi wa wauzaji. Mambo haya ni msumari tu wa kutundikia nyimbo na mizaha.

Harpo aanza kupiga kinubi, muziki wa Mozart, na sura zake zilizo katika vioo zamfuata kama ilivyo ada ya vioo. Kisha, pole pole, sura hizo zajitenga naye: zamtazama, zafanya asilolifanya, zaendelea pale anaponyamaza, hata mwisho mtu mmoja awa anasindikizwa na nafsi yake mara mbili. Hapasemwi neno hata moja, wala Harpo haonyeshi hofu; apokea ajabu ile kwa furaha ya mtoto, na furaha hiyo ndiyo itufanyayo sisi nasi tuikubali.

Sasa tuulize lilifanywaje jambo hili. La kwanza ni sauti. Katika studio za wakati ule muziki wa namna hii ulirekodiwa mbele, kabla ya kamera kuanza kuzunguka, na siku ya kupiga picha rekodi ile ilichezwa kwa vipaza sauti ukumbini, mchezaji akaufuata kwa vidole vyake. Kwa filamu ya kawaida hilo lilikuwa jambo la kurahisisha kazi tu. Kwa kiini macho cha vioo lilikuwa sharti lisilo na budi, kwa kuwa mchezaji aliyepaswa kuigiza sehemu tatu, moja baada ya nyingine, asingeweza kuzilinganisha kama hakuwa na kipimo kimoja kisichobadilika hata kwa nukta moja ya sekunde. Kila mara Harpo alipoketi upya, muziki ulikuwa ule ule, mwendo ule ule, pumziko mahali pale pale.

La pili ni picha. Ili mtu aonekane zaidi ya mara moja katika picha moja, sehemu ya picha ilizibwa kwa kizibo cheusi nuru isiifikie filamu, sehemu nyingine ikapigwa, kisha filamu ikarudishwa nyuma hadi mahali ilipoanzia, kizibo kikageuzwa, na sehemu iliyobaki ikapigwa juu ya filamu ile ile. Ama sivyo, kila sehemu ilipigwa peke yake na zote zikaunganishwa baadaye katika mtambo wa kuchapia uliokuwa na vizibo vyake wenyewe. Katika njia zote mbili kamera haina ruhusa ya kutikisika hata unywele, na taa hazina ruhusa ya kubadilika, kwa maana mpaka wa kizibo ukionekana, hata kwa kufifia kidogo, mtazamaji huishika hila mara moja. Hapa ndipo busara ya kutumia vioo inapodhihirika: kioo kina fremu, na fremu hiyo ni mpaka halali, uliokwisha kukubaliwa na macho kabla ya hila kuanza, hivyo mshono wote waweza kufichwa pale pale ambapo kila mtu ategemea kuona ukingo. Na kwa kuwa mpiga kinubi huketi, hana sababu ya kuuvuka mpaka huo.

Liko na jambo la tatu, dogo kwa kulitaja na zito kwa kulitenda. Sura ya kiooni imegeuzwa. Aliyeegemeza kinubi bega la kulia, kioo chamwonyesha ameegemeza la kushoto. Kwa hiyo picha ya sura ile, iliyopigwa mbali na Harpo mwenyewe, yapaswa kupinduliwa wakati wa kuichapa, au kupigwa kupitia kioo cha kweli, la sivyo akili ya mtazamaji hutambua kasoro hata kama ulimi wake hauwezi kuieleza. Na wala haikuwezekana kumkodi mpiga kinubi mwingine avae wigi lile na kukaa mahali pake, kwani Harpo alijifunza kinubi peke yake, akijua namna ya kukiegemeza kwa kuitazama picha ya malaika aliyoiona dukani, akakitunga nyuzi kwa namna yake mwenyewe, na vidole vyake havikufanana na vya mtu mwingine yeyote.

Hila hii ilikuwa na babu yake. Mwaka 1921, katika The Playhouse, Buster Keaton alionekana mara tisa katika picha moja, wachezaji tisa wote wakiwa yeye, na mpiga picha wake Elgin Lessley, akizungusha kamera kwa mkono, alilazimika kuirudisha filamu nyuma na kuizungusha tena kwa mwendo ule ule kila mara, huku Keaton akishika mizani ya ngoma kwa kumsikiliza mpiga banjo. Ukifikiri kwamba kamera hiyo haikuwa na mota, kazi ya mkono wa Lessley yapita kusifiwa. Keaton mwenyewe, katika miaka ileile ya The Big Store, aliajiriwa na MGM kubuni vichekesho.

Wapo watakaonikumbusha kioo kingine cha ndugu hawa, kile cha Duck Soup ya mwaka 1933, iliyoongozwa na Leo McCarey, ambamo Harpo avunja kioo na, ili asikamatwe, ajifanya yeye ndiye sura ya Groucho, wote wawili wakiwa wamevaa kanzu za kulalia, kofia za usiku na masharubu ya kupakwa. Mle hamna hila ya kamera kabisa: kioo hakipo, wapo wanaume wawili wenye damu moja na mazoezi mengi, bila ya neno wala muziki. Groucho ageuka mzunguko mzima, Harpo asimama tu amngojee, kisha amaliza kwa mkao ule ule. Onyesho lile la 1933 ni kubwa kuliko hili, nakiri bila kusita. Ila la 1941 halikuliiga, limeligeuza, kwani mle mtu alijifanya sura, na humu sura inakataa kuwa sura.

Bahati mbaya filamu ileile yaonyesha pia jinsi hila inavyoharibika. Mwishoni wahusika wafukuzana dukani kwa viatu vya magurudumu na baiskeli ya gurudumu moja, kamera ikiwa imepunguzwa mwendo ili picha zionyeshwapo kwa kasi ya kawaida, 24 kwa sekunde, watu waonekane wakienda mbio mno; na badala ya ndugu Marx twaona kwa mbali watu wengine waliovikwa nguo zao, migongo isiyo yao, mabega yasiyo yao. Siwalaumu kwa hilo, kwa kuwa ndugu yao Chico alizaliwa 1887, Harpo 1888 na Groucho 1890, na mwili wa umri huo hautupwi ngazini. Lakini Reisner ndiye aliyeandikwa mwongozaji wa Steamboat Bill, Jr. mwaka 1928, ambamo Keaton alisimama mwenyewe chini ya ukuta wa nyumba uliomwangukia, akapona kwa kupita katika tundu la dirisha, na kamera ikayaona yote pasipo kukatiza. Mtu ambaye jina lake liliandikwa kwenye filamu ya namna hiyo alipaswa kujua kwamba kicheko cha mbio hutoka kwa mwili unaoukabili msiba, na duka lake la 1941 lilikuwa na vipindi vingine viwili vya kulithibitisha: Virginia O'Brien akiimba wimbo wa kumlaza mtoto kwa uso usiocheza hata ukope, na Chico na Harpo wakipiga piano moja kwa mikono minne, mara ya pekee walipofanya hivyo katika filamu zao, bila ya kizibo, bila ya kasi ya uongo, na bila ya mtu wa badala.