Barua ya Uongo, Sahihi ya Kweli

Mwishoni mwa Julai 2024, watafiti wa kampuni ya usalama ya Guardio walianika utapeli walioupa jina la EchoSpoofing. Tangu Januari mwaka huo, matapeli walikuwa wakituma barua pepe kwa majina ya Disney, IBM, Nike na Coca-Cola, wastani wa milioni 3 kwa siku kwa makadirio ya Guardio. Kughushi jina la mtumaji ni utapeli mkongwe. Jipya hapa ni kwamba barua hizo zilifaulu kila ukaguzi uliobuniwa kuzikamata, na Gmail ikazipokea kama za wenyewe.

Itifaki ya SMTP, inayosafirisha barua pepe tangu 1982, haikuwekewa namna ya kumhakiki mtumaji. Ulinzi ulikuja baadaye, kwa tabaka tatu zinazokaa kwenye rekodi za DNS za kikoa. SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa hicho. DKIM huipa barua sahihi ya kidijitali, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa umma uliowekwa kwenye DNS. DMARC, iliyotangazwa 2012, hudai kwamba kikoa kilichofaulu SPF au DKIM kilingane na kile anachokiona msomaji kwenye jina la mtumaji. Kisipolingana, mwenye kikoa ndiye anayeagiza barua ipite, iwekwe kwenye taka au ikataliwe.

Matapeli hawakuvunja tabaka hata moja. Walianza kwa kuandaa barua kwenye seva walizokodi, wakajaza kikoa cha Disney mahali pa mtumaji, kisha wakazipitisha kwenye akaunti zao wenyewe za Microsoft 365. Huduma hiyo huruhusu akaunti ya shirika kupitisha barua kutoka seva za nje, nayo haikuzuia jina la Disney. Lakini kama barua hizo zingekwenda moja kwa moja Gmail, zingekosa sahihi ya Disney.

Hapo ndipo Proofpoint ilipoingia. Kampuni hii huchuja barua za mashirika makubwa, zinazoingia na zinazotoka, na wateja wake huiweka kwenye SPF zao na kuikabidhi ufunguo wa DKIM. Seva ya kila mteja hujulikana kwa kusoma tu rekodi za MX za DNS, ambazo hutaja seva inayopokea barua za kikoa na ni za wazi kwa yeyote. Matapeli walizisoma, wakaelekeza barua zao kutoka Microsoft 365 hadi seva hiyo. Mteja aliyekuwa akitumia Microsoft alikuwa ameiagiza Proofpoint ipokee barua zitokazo huko, na mpangilio huo ulikubali anwani zote za IP za Microsoft 365, zinazotumiwa kwa pamoja na mashirika yasiyohesabika. Seva ikaona barua imetoka Microsoft, ikaichukua kuwa ya mteja wake na kuitia sahihi. Ni kama karani wa masjala anayegonga mhuri kila bahasha iliyoingia kwa mlango wa watumishi, bila kuuliza aliyeileta ni nani.

Dawa iliyotumika inaonyesha kasoro ilikuwa wapi. Barua inapotoka Exchange Online, huduma ya barua ya Microsoft 365, Microsoft huiandikia kichwa cha X-OriginatorOrg kinachotaja akaunti iliyoituma. Proofpoint iliwawezesha wateja kuorodhesha akaunti wanazozitambua, na barua za akaunti nyingine zikawa hazipiti. Anwani ya IP ilikuwa imefanywa kitambulisho mahali ambapo mashirika yote hutuma kwa anwani zilezile.

Kasoro hiyo haiyahusu makampuni makubwa peke yake. Mwezi huohuo wa Julai, kituo cha usalama wa kompyuta cha CERT/CC cha Marekani kilitoa tahadhari kuhusu huduma za barua zinazomruhusu mteja aliyeingia kwa nywila yake halali kutuma kwa jina la kikoa cha mteja mwingine. Chukua duka la Dar es Salaam au Nairobi ambalo kikoa chake kinakaa kwenye seva moja na tovuti nyingine nyingi. SPF yake inaitaja seva hiyo. Ikiwa seva haihakiki kwamba aliyeingia ndiye mwenye kikoa anachokiandika, jirani yeyote anaweza kuandikia wateja wa duka hilo ankara yenye akaunti mpya ya benki, na SPF itapita. Seva ikitia sahihi ya DKIM kwa kuangalia jina la mtumaji pekee, sahihi hiyo nayo itapita, na DMARC haitakuwa na neno.

Ripoti za DMARC, ambazo watu wa mifumo huzitegemea kugundua ughushi, hapa husaidia nusu tu. Barua ya uongo huhesabiwa pamoja na zilizofaulu, na dalili pekee ni idadi: duka linalotuma ankara 200 kwa mwezi likiona 40,000, kuna mtu anayetumia mlango wake.

Kuipandisha DMARC hatua kwa hatua hadi kukataa bado ni lazima, kwa sababu bila hiyo hata tapeli asiye na ujuzi hupita. Ila kila jina linaloongezwa kwenye SPF ni ruhusa inayotolewa kwa kampuni hiyo, na pengine kwa wateja wake wote. Kama barua zako hutumwa na huduma nyingine, iondoe seva ya tovuti kwenye orodha. Na kabla ya kuikabidhi kampuni yoyote ufunguo wa DKIM, iulize inamtofautishaje mteja mmoja na mwingine. Ikijibu kwa anwani ya IP pekee, usiipe.