Camarada au Irmão: Uhalisia wa Mwandishi wa Vita katika Kitabu cha Kapuściński

Kwenye semina zetu ubishi huwa ni ule ule: kazi za waandishi wa vita ni fasihi au ni habari tu? Katika makala haya nakihakiki kitabu cha Ryszard Kapuściński kilichotoka Poland mwaka 1976, ambacho kwa Kiingereza (1987) kinaitwa Another Day of Life. Kinasimulia Angola ya 1975, Wareno wakiondoka na vita vikiingia. Mtunzi si mgeni kwetu sana. Mwaka 1962 Shirika la Habari la Poland lilimleta hapa Dar es Salaam.

Wahakiki wengi husifia taswira ya masanduku. Wareno wanafungasha mali zao mpaka Luanda unakuwa mji wa mbao ndani ya mji wa mawe, kisha mji huo wa mbao unapakiwa melini na kwenda zake. Taswira nzuri, sikatai. Lakini uhalisia wa kazi yenyewe mimi nauona zaidi barabarani, penye vizuizi. Mwandishi anasimamishwa na watu wenye bunduki, wasio na sare ya kuwatambulisha. Watu wa MPLA huitana camarada, wale wa FNLA na UNITA huitana irmão, yaani ndugu. Sasa wewe uliye garini utatoa salamu ipi? Ukikosea neno moja umekwisha. Sisi tunaosoma isimujamii tunaijua mada hii kwenye vitabu. Kule ni suala la kufa na kupona.

Halafu kuna kurasa za teleksi kati ya Luanda na Warsaw. Fani yake ni kavu, sentensi zimekatwakatwa, shujaa hayupo. Yupo mtu aliyechoka anayengoja mashine iitike, kwani habari isiyofika ofisini ni sawa na isiyoandikwa. Simu za setilaiti zimeifuta teleksi, ila uchovu ule sidhani kama zimeufuta.

Udhaifu wa mtunzi unajitokeza wapi? Wasifu ulioandikwa na Artur Domosławski (2010) ulionyesha kwamba katika baadhi ya vitabu vyake Kapuściński alichanganya aliyoyaona na aliyoyabuni. Wenzangu wanamtetea eti msanii ana uhuru wake. Mimi nabisha. Shaaban Robert akibuni nchi nzima hakuna maiti inayodai haki yake humo. Mwandishi wa vita anaandika juu ya watu waliokufa kweli, na msomaji wa mbali hana njia nyingine ya kuwajua.

Ndiyo maana sura ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya Carlotta, askari msichana wa MPLA anayewasindikiza waandishi hadi Balombo. Wote wanamwona mzuri ajabu. Wao wanaondoka, yeye anabaki, mji unashambuliwa, anauawa. Baadaye wanatazama picha zake, na picha hazionyeshi uzuri ule. Walimpamba wenyewe, na hakuna anayethubutu kulisema. Kapuściński angeweza kutuachia yule Carlotta mzuri nasi tungemwamini. Akaamua kuziandika na zile picha.