Uhakiki: Mwalimu katika filamu ya "La Princesse de Montpensier"

Filamu hii ya Kifaransa, iliyoongozwa na Bertrand Tavernier na kutolewa mwaka 2010, imetokana na hadithi fupi ya Madame de La Fayette iliyochapwa mwaka 1662. Watazamaji wengi huisifu kwa farasi, mapanga na mavazi yake. Mimi nataka kumzungumzia mhusika mmoja ambaye sisi washika chaki hatuwezi kumpita bila ya kusimama: Chabannes, mwalimu.

Ufaransa imo katika vita vya Wakatoliki na Waprotestanti vilivyoanza mwaka 1562. Marie de Mézières, binti wa ukoo mkubwa, anampenda Henri de Guise, lakini baba yake anamwoza kwa kijana wa ukoo wa Montpensier ambaye hajapata hata kumjua. Usiku wa arusi hauachwi kuwa siri ya wawili. Una mashahidi wake. Msomaji wa pwani anayekumbuka kungwi na kisarawanda hatahitaji mfasiri hapo.

Mume anakwenda vitani na kumwacha mkewe chini ya malezi ya Chabannes. Huyu alikuwa askari. Akaikimbia vita baada ya kumwua kwa mkono wake mwanamke mja mzito. Sasa anamfundisha Marie kuandika. Katika kufundisha anampenda, anamwambia, anakataliwa, na kesho yake somo linaendelea! Lambert Wilson anaigiza hayo kwa uso mtulivu mno, hata mtu huona haya kumtazama. Baadaye ni yeye anayemwingiza Guise kwa siri chumbani mwa Marie, na mume anapotokea ni yeye anayebaki kuibeba lawama.

Je, elimu ile ilimfaa nini Marie? Hilo ndilo swali la filamu, wala si nani atampata nani. Alifundishwa kufikiri katika nyumba ambamo mawazo yake hayakuulizwa. Mwalimu alilijua hilo na hakuacha kufundisha.

Dosari zipo. Fitina za wakuu wa Ufaransa zitamchosha asiyejua historia yao, na Guise hakupewa zaidi ya sura nzuri. Tena Chabannes anauawa katika mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo, Agosti 1572, akimkinga mwanamke mja mzito. Deni limelipwa sawasawa mno. Hapo nauona mkono wa mtunzi.

Lakini mwisho wa Marie umenipendeza. Katika hadithi ya La Fayette anakufa akiwa ameachwa, na mwandishi anamkaripia juu ya maiti yake kwa kukosa busara. Katika filamu anaishi, anakwenda kwenye kaburi la mwalimu wake, bila mume wala mpenzi kando. Naona Tavernier amemtendea haki kuliko alivyotendewa na mwanamke mwenziwe.