Kuzaliwa, Kuugua na Kuzikwa: Uhakiki wa Mzaha Mmoja juu ya Kiswahili na Wasemaji Wake

Upo msemo ambao kila mwalimu wa Kiswahili katika Afrika ya Mashariki amepata kuusikia, na wengi wetu tumepata kuusema. Wadai kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Matoleo yake ni mengi. Wako wanaokiua papa hapa Kenya na kuipelekea Uganda maiti tu. Mtunzi wake hajulikani, kama ilivyo kawaida ya fasihi simulizi. Kwa miaka mingi mzaha huu ulikaa katika vinywa vya wasafiri, walimu na wanasiasa. Leo umehamia katika mitandao ya kijamii, na huko haupiti juma bila kurudiwa, mara kwa maandishi, mara kwa picha ya jeneza.

Makala haya yanakusudia kuusoma mzaha huu kama tunavyoisoma matini nyingine yoyote: kwa kutazama umbo lake, madai yake, na kazi uifanyayo miongoni mwa wanaousema na wanaosemwa. Sababu iliyonisukuma ni ndogo. Nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa pili juu ya historia ya Kiswahili, nilikuta tatu zilizoutaja msemo huu, nao haukutajwa kama mzaha, bali kama ushahidi. Mmoja wa walioziandika alitangulia kuomba radhi kwamba Kiswahili chake ni “kile kinachougua”. Mwanafunzi huyo ni mzaliwa wa Mombasa. Lugha aliyonyonya kwa mamake ni Kimvita. Ikiwa mzaha waweza kumfikisha mtu wa Mvita mahali pa kuomba radhi kwa lugha ya nyanya zake, basi haufai kuachiwa wachekeshaji peke yao.

Tuanze na umbo. Msemo una vitenzi vitano. Cha kwanza kimebeba kiambishi cha wakati uliopita, -li-. Vinne vinavyofuata vimebeba -ka-. Kila mwanafunzi wa sarufi ajua kazi ya -ka-: huunganisha matukio yafuatanayo, na mara nyingi humfanya msikilizaji adhani kwamba lililotangulia ndilo lililozaa lililofuata. Kwa hiyo safari ya lugha kutoka visiwani hadi Kongo inasimuliwa kama maisha ya mwili mmoja usioweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kikishaugua Kenya, hakiwezi kuwa kizima Lamu. Aidha, tazama kwamba katika vitenzi hivyo hapana mtenda. Kuzaliwa na kuzikwa vimo katika kauli ya kutendwa, na waliotenda hawatajwi. Kukua, kuugua na kufa ni mambo yanayompata mtu bila kutendwa na yeyote. Kwa ufundi huu mdogo wa sarufi, mzaha umeyafuta maamuzi yote ya binadamu yaliyoifikisha lugha ilipofika, ukaacha maradhi tu. Hapa ndipo penye nguvu yake, na kwa maoni yangu ndipo penye madhara yake.

Madai ya kihistoria hayatuhitaji tukae nayo sana, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wanayafahamu. Nurse na Spear, katika kitabu chao cha 1985, waelekeza chimbuko la Kiswahili upande wa pwani ya kaskazini, yaani sehemu ambazo leo zimo Kenya. Utendi wa Tambuka, ambao ni miongoni mwa miswada mikongwe tuliyo nayo, ni wa Pate, na mwaka wake ni 1728. Mwana Kupona alitunga utendi wake mnamo 1858 katika mazingira ya Siu na Pate. Muyaka bin Haji alikuwa mtu wa Mombasa, naye alifariki karibu na 1840, kabla ya mmishenari yeyote kuchapa kamusi. Lililozaliwa Unguja ni jambo jingine: ni usanifu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja Mjini kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaundwa mwaka 1930 kuusimamia uamuzi huo. Mzaha umechukua cheti cha usanifu na kukifanya cheti cha kuzaliwa. Na hata huko Unguja, muulize Mmakunduchi aingiapo mjini kama lugha yake huhesabiwa kuwa ndiyo ile iliyozaliwa. Yamkini atacheka, lakini si kwa sababu ile ile tunayocheka sisi. Tena Kamati hiyo haikukaa mahali pamoja. Ilipata kuwa Nairobi, kisha mnamo 1952 ikahamia Makerere, ikawa inachunga usahihi wa Kiswahili ikiwa katika nchi hiyo hiyo ambayo mzaha waitaja kuwa ndiyo mahali pa kifo.

Kuhusu Kenya, nataka kusema zaidi. Mwenzangu mmoja idarani, mtu ninayemheshimu, aliponisikia nikiyasema haya alinijibu kwamba makosa ya wanafunzi wetu ni ya kweli, na kwamba mimi mwenyewe hukata alama kwa “ile kitu” na “hiyo mtu”. Ni kweli, hukata. Insha ya chuo ina sajili yake, na anayejifunza sajili hiyo anastahili kuambiwa alipoteleza. Lakini kumwonyesha mtu kosa ni kitu kimoja, na kulipima taifa homa ni kitu kingine. Upatanisho wa ngeli uliolegea katika Kiswahili cha Nairobi una historia inayoelezeka. Ni lugha iliyokuzwa sokoni, katika reli, katika nyumba za walowezi na katika mitaa ya mashariki ya jiji, na watu ambao wengi wao walikuwa na lugha nyingine nyumbani. Shule haikuwasaidia sana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikisukuma Kiingereza mbele kuwa lugha ya kufundishia tangu madarasa ya chini, na Tume ya Ominde ya 1964 ikaunga mkono nafasi hiyo ya Kiingereza. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, lakini mtoto wa shule ya msingi alingoja hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, mwaka 1985, ndipo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Haya yote ni maamuzi, yana tarehe, na mengine yana sahihi za watu. Hayaitwi maradhi.

Uganda nayo haikuua kitu. Kabaka Daudi Chwa alikipinga Kiswahili waziwazi mnamo 1929, akiitetea Kiganda na nafasi ya Buganda. Baadaye lugha ikashikamana na kambi za jeshi, na utawala wa Idi Amin ulipoifanya lugha ya taifa mnamo 1973 haukuipatia marafiki. Tangu marekebisho ya katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili nchini humo. Anayesikia msemo wetu hasikii lolote kati ya haya. Anasikia neno moja: kikafa.

Sasa swali la kuvutia zaidi si kama mzaha ni wa kweli. Hakuna mzaha unaodai kiapo. Swali ni kwa nini sisi Wakenya, tuliobandikwa ugonjwa, ndio miongoni mwa wasemaji wake wakuu. Nadhani jibu limo katika desturi yetu ya ucheshi. Kwa miaka mingi watazamaji wa televisheni nchini walicheka pamoja na Mzee Ojwang' katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Lafudhi yake ilikuwa ya Mjaluo asemaye Kiswahili, yule ambaye “shida” kwake ni “sida”. Mwigizaji mwenyewe, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Sitaki kumshutumu msanii mkubwa aliyependwa na watu wa makabila yote, Wajaluo wakiwa miongoni mwao. Ninataka tu tuone kile ambacho sanaa yake ilikifichua: kwamba lafudhi ni vazi, na mtu aweza kuvaa vazi la jirani hadi mwenye nalo akasadiki kwamba ni lake. Mkenya amezoea kutambuliwa kwa namna anavyokivunja Kiswahili. Kila kabila lina vunjo lake, linaloigizwa jukwaani, na anayekisema bila kukivunja hushukiwa kwamba ametoka kwingine. Katika hali hiyo, kukisema vibaya kumekuwa kama kitambulisho cha uraia. Ndiyo sababu kijana wa Nairobi aandikapo sentensi iliyopangika katika mtandao hujibiwa, kwa mzaha, arudi Dar es Salaam. Naye, ili abaki miongoni mwa wenzake, huiharibu sentensi ya pili kwa kusudi. Upande wa pili, Mtanzania hutaniwa kwa Kiingereza chake na kuambiwa anyamaze mpaka atafute mkalimani. Pande zote mbili zimeridhia kwamba uraia hupimwa kwa upungufu, na mizani ya upungufu huo imeachiwa lugha.

Watetezi wa mzaha watasema kwamba huu ni utani tu, nasi ni watu wa utani. Hoja hii ni nzito, wala siwezi kuiruka. Lakini utani, kama ulivyojulikana baina ya Wazaramo na Wanyamwezi tangu siku za misafara, haukuwa ruhusa ya kumtukana mtu na kwenda zako. Ulikuwa mkataba. Mtani aliyekukejeli njiani ndiye aliyefika msibani, akahudumia maiti, akachekesha waliolia, na akadai chake bila kukatazwa. Kejeli ilinunuliwa kwa wajibu. Tena mtani alijulikana kwa sura, kwa ukoo na kwa mji, na kesho ilikuwa zamu yako kumkejeli. Mitandao ya kijamii imechukua maneno ya utani ikaacha mkataba. Anayeandika kwamba Kiswahili kilizikwa Kongo hamjui Mkongo hata mmoja ambaye atalazimika kumzika, wala Mkongo hana njia ya kumdai. Na kwa kuwa maneno hayo husomwa na maelfu wasioonana uso kwa uso, hakuna anayeona jicho la anayesemwa likibadilika. Mzaha ambao barazani ungekatizwa na mwenyeji mmoja wa Siu aliyekohoa kwa makusudi, mtandaoni haukatizwi. Huendelea kurudiwa mpaka ukaonekana kuwa maarifa, na kutoka hapo kuingia katika insha ya mwaka wa pili ni hatua fupi.

Pengine nasi walimu tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tumefundisha lahaja kama orodha ya kukariri: Kitikuu, Kiamu, Kipate, Kimvita, Kivumba, na kuendelea, kisha tukafunga daftari na kufundisha usanifu kana kwamba ndio lugha yenyewe. Mwanafunzi hukisoma Kimvita katika tungo za Ahmad Nassir au katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla kama “lugha ya ushairi”, kitu cha maonyesho. Haambiwi kwamba ni Kiswahili cha Kenya, kizima, kilichoandikwa gerezani na kuchapishwa mwaka 1973. Marehemu Shihabuddin Chiraghdin aliyasema mengi juu ya dharau hii akiwa hai. Tulimsifu, kisha mitaala yetu ikaendelea kama zamani.

Imebaki Kongo, mahali pa kaburi. Muhula uliopita nilipeleka darasani sehemu ya kitabu kidogo kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kiliandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mji ambao leo ni Lubumbashi, na Johannes Fabian akakitoa pamoja na tafsiri mnamo 1990. Ni historia ya mji, tangu zama za Msiri na Mfalme Leopold, ikisimuliwa na watu waliopika, waliofua na waliopiga pasi. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga, kilichochanganyika na Kifaransa, na tahajia yake haikupata kuonwa na kamati yoyote. Ukurasa wa kwanza ulichekwa sana. Katika wa pili kicheko kilipungua, kwa kuwa ili kuufuata ilibidi wasome kwa sauti, na waliposoma kwa sauti waligundua kwamba wanaelewa. Yule mwanafunzi wa Mombasa ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake. Alipofika mwisho wa sehemu niliyowapa, aliniuliza kama zilizobaki zimo maktabani. Hazimo. Nimempa nakala yangu, naye bado hajairudisha.