Mkizi Alikuwa na Kina, Akachagua Mtumbwi

Mliosimama ufuoni upande wa Mtongwe mmeshaona: mvuvi mmoja anapiga maji kwa pondo, mtumbwi umetulia upande wa pili, na mkizi anaruka mwenyewe hadi miguuni pa mwenye mtumbwi. Wazee wa Shika Adabu watakwambia hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Hasira gani? Utetezi huu umenichosha. Ule ni uamuzi mbovu.

Mwanzo hauna lawama. Mshindo wa kushoto huamsha seli ya Mauthner ya kushoto, mojawapo ya mbili alizo nazo. Aksoni yake huvuka na kushuka uti wa mgongo, misuli ya kulia hukaza, samaki hujikunja kama herufi C na kuipa hatari kisogo. Yote kwa milisekunde chache. Ludwig Mauthner alizieleza seli hizo mwaka 1859, nami sina la kukosoa hapo.

Kosa liko kwenye pigo la mkia linalofuata. Kufikia hapo seli ile imeshafyatua mara moja ikanyamaza, na usukani wameushika wengine, neva za shina la ubongo. Nafasi ya kubadili njia ilikuwa hapo! Chini kuna kina, jarife bado halijafunga. Yeye akaelekea juu. Hewani mkia hauna cha kusukuma, hakuna kukata kona wala kurudi. Kasi ilikomtupa ndiko atakakoangukia. Watetezi wake husema kuruka kumewavusha wengi juu ya maboya ya wavu. Sawa, siku ambayo hakuna mtumbwi.

Kamba hujirusha kinyumenyume kwa nyuzi zake nene za neva, kazi safi. Lakini bingwa wangu ni ngisi. Aksoni yake kuu hukaribia unene wa milimita moja, J. Z. Young aliitangaza mwaka 1936, Hodgkin na Huxley wakaipima umeme, wakapata Nobel mwaka 1963. Ngisi akapata mafuta ya moto. Na bado ana akili ya mchezo: akimulikwa ghafla huifyatua papo hapo, lakini mara nyingine huanza na neva ndogo, ile kuu akaiweka akiba mpaka mambo yaharibike. Mkizi, hata pondo likimponyoka mtu kwa bahati mbaya, huruka vile vile.