Ucheshi wa Safari Haupimwi kwa Kelele

Juzi chama kimoja hapa Munyaka kilimshangilia mama aliyesimulia safari yake ya Nairobi huku akicheka mwenyewe kabla ya kila kichekesho. Tumeharibikiwa. Zamani, matatu ikisubiri kujaa mjini Eldoret, angenyamazishwa kabla kondakta hajakusanya nauli.

Msimulizi hodari hacheki. Hiyo ni sheria, sibishani. Chuku ije mara moja tu, tena kwa safari ya kwenda Nairobi isije kabla ya Timboroa. Anayetia chumvi akiwa bado Cheptiret atafika Nakuru peke yake.

Lakini wasichokiona wanagenzi ni mwili wa msimulizi. Mchukue Sarah Kemble Knight, aliyetoka Boston kwenda New York kwa farasi mwaka 1704, akiwa na miaka 38. Shajara yake ilichapishwa 1825. Anavushwa mto kwa mtumbwi mdogo. Mwanagenzi angetuambia moyo ulimdunda. Yeye ameshika kingo kwa mikono miwili, macho hayapepesi, na hathubutu hata kuusogeza ulimi upande mmoja wa kinywa, mtumbwi usije ukapinduka. Ulimi! Chuku nzima ameitundika kwenye kiungo kisichoonekana, wala mto haukuhitaji kusifiwa kina. Kwa kuwa amejicheka hivyo, tunamvumilia anapowasema wenyeji na kabichi waliyomwandalia, ingawa mahali pengine kejeli yake ni matusi matupu.

Bibi mmoja muuza maziwa wa hapa, sasa marehemu, aliisimulia baridi ya Timboroa kwa meno yake mawili tu. Siku hizi nani anaweza?

May French Sheldon, Mmarekani mwingine, alitoka Mombasa kwenda Kilimanjaro mwaka 1891 na wapagazi zaidi ya mia, akabeba wigi na gauni la dhifa la kuvaa mbele ya machifu. Mali tele hiyo! Lakini katika kitabu chake, Sultan to Sultan cha 1892, wigi limebebwa kwa heshima zote. Namcheka yeye, sicheki naye.

Matapeli nao wapo. Mmoja mtaani kwetu anadai ametapikiwa garini Burnt Forest, Molo na Salgaa: tapishi lilelile, abiria walewale. Ukimshuku mtu, usimuulize barabara, maana barabara kila mtu anaijua. Muulize alikaa siti gani na goti lake liligusa nini. Akibabaika, mnyime chai.