Gunia Moja, Gorogoro Ngapi: Blogu za Kenya Zilivyopata Viungo na Wasomaji

Mwezi Mei 2017 mahindi ya mama hapa Kibomet yalikuwa yamefika magotini, tena yamestawi, mpaka asubuhi moja tulipokuta majani yana matundu kama chujio la chai. Nilifunua majani machanga ya katikati nikamkuta mwenyewe amejikunja humo, amezungukwa na kinyesi kinachofanana na vumbi la mbao. Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Viwavijeshi vamizi walikuwa wamethibitishwa nchini Machi ya mwaka huohuo, na huku magharibi ndiko mayowe yalikoanzia. Nilipiga picha mbili kwa simu, nikaandika aya tano kwenye blogu yangu, nikaenda kuchanganya majivu na udongo.

Blogu hiyo ilikuwa na umri wa miaka kadhaa. Wasomaji wake waaminifu walikuwa mimi, binamu yangu aliyeko Qatar, na jirani mmoja aliyekuwa akiingia ili kunisahihisha sarufi. Nilikuwa nimeandika humo makala ndefu za siasa, nilizozitolea jasho, na hakuna aliyezielekezea kidole. Lakini zile aya tano za kiwavi zilianza kutajwa: kwanza na mwalimu wa kilimo wa upande wa Kiminini, kisha na mtu anayeandika habari za ufugaji wa kuku, kisha na watu nisiowafahamu kabisa. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa nilichofanya siku ile ambacho sikukifanya miaka yote ya nyuma. Jibu nililipata kwa kurudi kuangalia jinsi waliotutangulia walivyofanya.

Kwanza tuelewane kuhusu kiungo chenyewe, kwa sababu kina wateja wawili na watu huwachanganya. Mteja wa kwanza ni mashine ya kutafuta. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mwaka 1998 wazo ambalo Google ilijengwa juu yake: kila kiungo kihesabiwe kama kura, na kura ya ukurasa wenye heshima iwe nzito kuliko ya ukurasa usiojulikana. Kuna kipengele ambacho wauzaji wa kozi za mtandaoni hukiruka. Katika hesabu ile ya awali, uzito wa ukurasa hugawanywa kwa idadi ya viungo vinavyotoka humo. Chukua gunia la mahindi la kilo 90. Ukiligawia nyumba nne, kila nyumba inasonga ugali mwezi mzima. Ukiligawia nyumba mia nne, hakuna anayepata hata robo ya kopo la gorogoro. Kwa hiyo jina lako kuwekwa katika orodha ya majina mia tatu pembezoni mwa blogu ya mtu ni jambo la kushukuru, lakini usilipigie vigelegele. Google imebadilisha mengi tangu siku hizo, na leo hupima mambo chungu nzima, ila mantiki hii ya mgao bado inasaidia kufikiri.

Mteja wa pili ni binadamu anayesoma, na huyu hagawi chochote. Yeye hubofya akiona sababu. Wanablogu wa mwanzo wa Kenya walimwelewa huyu vizuri zaidi kuliko mashine, kwa sababu mashine wakati ule haikuwa na habari nao.

Daudi Were, aliyekuwa akiandika katika Mental Acrobatics, aliunganisha blogu za Wakenya katika mtandao wa duara, Kenyan Blogs Webring, na baadaye mkusanyiko ulioitwa Kenya Unlimited. Kwa kijana wa leo duara la namna hiyo ni kitu cha makumbusho, kwa hiyo nieleze. Kila anayejiunga hupewa kipande cha msimbo akibandike pembeni mwa ukurasa wake. Msomaji akimaliza kusoma hapo, hubofya kwenda blogu inayofuata, au iliyotangulia, au yoyote ile kwa bahati. Hakuna blogu iliyo mwisho wa njia. Mkusanyiko nao ulivuta milisho ya blogu zote na kupanga vichwa vya makala mpya mahali pamoja, kwa saa ya kutoka, si kwa ukubwa wa jina. Mwandishi wa benki na hisa, mama anayeandika habari za wanawe na mwanafunzi aliyeko Marekani mwenye kiu ya habari za nyumbani, wote walipita katika mlango mmoja.

Huwa nasikia duara hili likisifiwa kwamba lilizipa blogu zile viungo. Naona sifa hiyo imekosea mahali pa kukaa. Viungo vya duara vilikuwa vya nyumba mia nne, hata robo gorogoro haifiki kwa mtu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya wanablogu wenyewe wasomane. Mtu akikusoma kila siku, siku moja atahitaji jambo ulilolisema ili hoja yake isimame, na atakutaja katikati ya sentensi yake mwenyewe, pamoja na sababu. Hicho ndicho kiungo kinacholeta watu.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda vivyo hivyo, kwa ladha nyingine. Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili, alikuwa akiwashawishi wenzake mmoja mmoja waanze. Mwaka 2005 huko Helsinki alimsaidia mpigapicha Issa Michuzi kufungua blogu. Michuzi hakuandika nadharia. Aliweka picha: harusi, misiba, mikutano, watu waliokutana uwanja wa ndege. Akawaita wasomaji "wadau", nao wakamwita Ankal, wakaanza kumtumia picha zao kutoka kila pembe ya dunia ili "kuendeleza libeneke". Tazama ufundi uliojificha hapo. Mtu ambaye picha ya harusi yake imewekwa kwenye ukurasa atautumia ukurasa huo kwa kila ndugu aliye naye kwenye barua pepe. Msambazaji ni yuleyule aliyeleta mali.

Lakini kisa kinachoonyesha nguvu ya kiungo waziwazi kuliko vyote ni cha Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku tangu tarehe 30 Desemba, na sisi wa Bonde la Ufa tulikuwa tukijua yanayotokea kwa moshi na kwa uvumi. Ory Okolloh alikuwa na blogu iitwayo Kenyan Pundit. Alikuwa ameiandikia kwa miaka, ikiwa na wasomaji wanaomwamini, na wiki ile ikawa kama chumba cha habari: watu walimtumia taarifa naye akizichuja na kuzichapisha. Tarehe 3 Januari aliandika kwamba ingefaa mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya maeneo yenye vurugu. Erik Hersman, mwenye blogu ya White African, aliisoma akampelekea wazo hilo David Kobia, ambaye alikuwa akiendesha jukwaa la Mashada. Juliana Rotich, aliyeandika kwa jina la Afromusing na aliyekuwa upande wa Eldoret siku zile, akawa miongoni mwao. Ndani ya siku chache ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ilikuwa hewani. Na Daudi Were, yule wa duara, baadaye alikuja kuliongoza shirika lililozaliwa humo.

Wengi husimulia habari hiyo kama hadithi ya programu. Mimi nikiitazama naona mtiririko wa viungo. Watu hawa walikuwa wamesomana na kutajana kwa miaka kabla ya moto kuwaka. Ombi lile lingeandikwa kwenye blogu iliyofunguliwa wiki iliyotangulia, lingebaki hapo likisubiri.

Nirudi kwenye mambo madogo ya mkono.

Kuna waliojaribu njia ya mkato ya kuacha anwani zao chini ya makala za wengine. Njia hiyo ilifungwa kwa upande wa mashine Januari 2005, Google, Yahoo na MSN zilipokubaliana juu ya alama ya nofollow, inayoiambia mashine isikihesabu kiungo. Programu nyingi za blogu huiweka alama hiyo zenyewe kwenye maoni. Binadamu bado atakuja ukisema neno la maana pale, basi sema neno la maana. Kuna pia wanaouza viungo kwa jumla. Mmoja alinipata wakati fulani, akaniahidi viungo mia tano kwa bei ya mbuzi mdogo. Nililipa. Viungo vilikuja kweli, vyote kutoka kurasa za kamari na dawa za nguvu za kiume, na mashine ambazo tangu sasisho la Google la Aprili 2012 liitwalo Penguin zinalijua soko hilo ndani nje hazikunipa kitu. Mbuzi ningemla.

Sasa ule ukurasa wa kiwavi. Nimeukagua kama fundi anavyofungua injini ya pikipiki, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Kichwa chake kilikuwa "Jinsi ya kumtambua kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi". Makala zangu za siasa zilikuwa na vichwa vya kishairi ambavyo hakuna binadamu angeviandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Mkulima wa Kamukuywa anaandika anachokiona shambani, kwa Kiswahili, na kurasa za Kiswahili zinazomjibu bado ni chache. Hapo ushindani ni mdogo sana kuliko kwenye Kiingereza.

Aya ya kwanza ilikuwa na jibu lote: ile Y na yale madoa manne. Anayetaka kunitaja hakulazimika kusoma hadi mwisho ndipo ajue anataja nini. Tarehe na mahali vilikuwa juu. Picha zilikuwa zangu, kutoka shamba ninaloweza kulionyesha, na nilikuwa nimezipunguza uzito ili mtu wa bando la shilingi kumi asije akanilaani. Na ndani ya aya tano hizo mimi mwenyewe nilikuwa nimewataja watu watatu, nikawapa viungo, kwa maneno yanayosema msomaji atakuta nini huko. Sikuandika "bofya hapa". Maneno ya kubofya yakiwa "hapa", mashine haiambulii kitu na msomaji hajui anakopelekwa.

Wale watatu niliwaandikia. Naweka hapa ujumbe mmoja karibu mzima, kwa yule mwalimu: "Shikamoo mwalimu. Makala yako ya kupima udongo nimeitaja kwenye ukurasa wangu wa viwavijeshi, aya ya nne. Kama nimekunukuu vibaya niambie nirekebishe. Picha zangu ukizihitaji kwa wanafunzi, chukua." Sikumwomba kiungo. Alinirekebisha jambo moja, nikarekebisha siku ileile na kumshukuru kwa jina lake chini ya makala. Wiki iliyofuata alinitaja. Ningekuwa nimemwandikia "naomba unitangaze", angefanya ninavyofanya mimi nikipata barua za aina hiyo.

Halafu nikaharibu. Mwaka mmoja baadaye nilitoka kwenye anwani ya bure, nikanunua ya kwangu yenye mkia wa co.ke, nikahamisha makala zote na kujipongeza. Kila kiungo nilichokuwa nimekipata kilikuwa kinaelekea kwenye nyumba ya zamani, na nyumba ya zamani nilikuwa nimeifunga. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuhama, weka maelekezo ya kudumu, yale mafundi wanayoyaita 301, ili anayebisha mlango wa zamani apelekwe mpya moja kwa moja, ukurasa kwa ukurasa, si wote kurundikwa kwenye ukurasa wa mbele. Niliyaweka nikiwa nimechelewa miezi kadhaa. Baadhi ya walionitaja walikuwa wameshafuta, na siwalaumu, nani anataka kuwapeleka wasomaji wake kwenye mlango uliofungwa?

WhatsApp nimeiacha mpaka sasa kwa makusudi. Kiungo kinachopita kwenye vikundi vya Chwele na Webuye hakionekani na mashine ya kutafuta hata kidogo, lakini huku kwetu ndicho kinachotembea zaidi. Kinachokibeba ni kichwa na picha ndogo inayojitokeza pamoja nacho, kwa hiyo hakikisha ukurasa wako unaitoa picha sahihi, si nembo ya kiolezo.

Kuna kiungo cha tatu ambacho si cha mashine wala cha simu. Zack Matere, mkulima wa Seregeya karibu na Eldoret, alifahamika kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikifa, akaendesha baiskeli kilomita 10 hadi saiba, akatafuta ugonjwa wa viazi kwenye Google, na kugundua kwamba sisimizi walikuwa wakila mashina na kwamba majivu husaidia. Lililonivutia zaidi ni alilofanya baadaye: alizichukua habari za mtandaoni akazibandika kwenye mbao za matangazo alizoziita Leo Hapa, ili wasio na mtandao wazisome wakipita.

Nilikumbuka hilo nilipoingia agroveti moja mjini Kitale kununua dawa, nikaukuta ukurasa wangu umechapishwa na kubandikwa ukutani, kando ya kalenda ya mbegu. Picha zilikuwa zimetoka nyeusi tupu. Anwani ya blogu ilikuwa imeandikwa chini kwa kalamu ya mpira, na aliyeiandika alikuwa ameruka herufi moja. Nilimwuliza mama wa kaunta kama naweza kuisahihisha. Akasema, "Acha tu mwanangu, watu wameshaipiga picha na simu zao."

Nilirudi nyumbani, nikainunua ile anwani yenye kosa, nikaielekeza palepale.